Tairi za Saimi

Saimi,

Uji uko jikoni, upashe moto. Gari lako nimelichukua mimi. Nenda kazini na langu, funguo ziko kwenye koti la bluu.

Usinune. Jana usiku nilikusikia ukiongea na baba yake mchumba wako Okko kwenye simu, unacheka: "Wewe ndiye unayejua magari, mzee wangu!" Tangu upate leseni, tairi zako za baridi nachagua mimi. Leo anachagua Taisto, baba mkwe ambaye hata harusi bado! Eti gari lako linavuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo tairi za misumari ya kushika barafu za nini?

Mwanangu, kuvuta ni kuondoka. Kusimama ni habari nyingine. Nimelijaribu kwenye mteremko wa ziwani. Kupanda, limepanda kama mbuzi. Kushuka, nimekanyaga breki likateleza mpaka kwenye uzio wa jirani. Mimi mzima. Uzio, hapana.

~~Mwambie Taisto aje aujenge yeye.~~

Basi nikampigia nimkaripie. Akanijibu kwa upole: "Nilimshauri kwa barabara za huku kwetu Turku, zinamwagwa chumvi barafu iyeyuke. Barafu ya huko kaskazini, Lapi, unaijua wewe, ndugu yangu. Mfungie za misumari."

Jamaa muungwana. Hata kumchukia nimeshindwa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Niko gereji, nakuandikia kwa simu huku nasubiri wamalize kuzifunga. Krismasi mwalike aje kula. Ila samaki nachoma mimi, yeye asisogee jikoni.

Baba yako