Jibu Nililomjibia Nadhir

Ibra, Jumapili, 1984

Mwanangu Mahrous,

Huna haya. Mtoto wako yuko kwangu anaumwa wiki ya sita, nawe huko Samail unaniletea chupa ya asali na habari kwamba unamposea binti wa Bi Turkiya, ati akioa atapona. Hiyo posa isimamishe. Haya, salaam aleikum. Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi mzima, ila magoti.

Barua hii nimeiandika mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie, basi vumilia mwandiko wangu. Ukishaisoma ichome.

Nadhir vipele vimemtoka mpaka viganjani na kwenye nyayo, homa inakwenda inarudi. Nilimpeleka hospitali. Daktari ni Muhindi, na Kiarabu cha mwanao unakijua, na Kifaransa chake cha Bujumbura hapa hakimfai. Mimi nikajiona hodari, nikamwita Mabruka, mkwe wa jirani yangu Kaltham, muuguzi pale, atufasirie. Nikasema bora mtu wetu. Daktari akauliza kama kijana amelala na mtu. Mabruka hajamaliza kufasiri, nami nimeshajibu kwamba huyu ni mtoto wa watu, mwanamke hamjui. Nadhir akainamisha kichwa. Daktari akamtazama, akauliza tena, nikamkata tena. Akaandika, akatupa mafuta ya kujipaka. Nje nikamgombeza Nadhir kwa kukaa kama bubu.

Juzi akaniambia jicho la kushoto linaona ukungu. Nikamtaka anieleze, nikamwambia kama ananificha basi nikifa asije kunizika. Akalia, akasema. Mahrous, kaa kitako kwanza. Nadhir hataki wanawake. Alikuwa na mwenziwe mwanamme, kule Nizwa kazini. Huyo naye aliumwa, na daktari wake akamwambia ugonjwa huu ni wa kulala pamoja, una sindano yake, lakini ukiachwa unapofua macho. Nadhir aliyajua yote hayo siku ile, mimi ubavuni huku, Mabruka ubavuni kule. Angesema, Ibra nzima ingejua kabla ya magharibi. Jela anaiogopa, na wewe anakuogopa zaidi. Kumbe mimi kwa daktari sikusema uongo, na nimeharibu vilevile.

Naogopa, mwanangu. Sikuogopa hivi hata siku tuliyotoka Bujumbura na nguo za mwilini. Kila asubuhi namwonesha vidole vyangu avihesabu, na leo amekosea.

Hilo jambo lake sijui nilifanye nini, na usinisomeshe dini, Kurani nilikusomesha mimi. Ni mjukuu wangu, na mdomo wake nimeufumba mimi.

Maskati yuko daktari Mtunisia, anasema Kifaransa. Nimemuulizia kwa kisingizio cha macho yangu.

Mkeo msalimie, na hili usimwambie. Jumatano omba ruhusa kazini, uje na gari alfajiri. Njiani usimguse wala usimtukane. Mkifika, mwache aingie peke yake, na wewe kakae garini mpaka atoke.

Mama yako,
Mwanamize binti Sleyum