Neno la Pilipili

Bibi yangu,

Lile neno lililonifanya unitie pilipili mdomoni nikiwa mdogo, nimelitamka. Tena nimemtamkia mtu mzima wa rika lako. Hata Mama sijamwambia.

Tangu ututoke nimemaliza skuli, na sasa nnajifunza uuguzi. Mimi yuleyule niliyekuwa nikijificha nyuma ya mlango wageni wakija. Nguo yangu nyeupe naipiga pasi ya makaa mwenyewe, na nikishaivaa Mama hunizunguka akitafuta mikunjo. Haioni.

Wiki hii nilipewa Bi. Mize wa Mkokotoni, aliyekuja kutolewa uvimbe tumboni. Asubuhi ya operesheni nilimwosha, nikamvua bangili na hirizi yake. Akanambia nikiipoteza hirizi atanidai mpaka akhera. Akarudi salama, nami nikamrejeshea. Lakini hakuruhusiwa kula wala kunywa mpaka matumbo yake yaamke, na dalili ya kuamka, Bibi, ni hiyo moja tu. Kazi ya kumuuliza ilikuwa yangu.

Nikamuuliza kwa adabu ulizonifunza: "Bi. Mize, upepo umetoka?"

Kwa sauti yangu hii ya chini, akasikia pepo. Akakunja uso. "Sina pepo mie. Nani kakwambia?"

Nikaona haya, nikaondoka. Siku ya pili tumbo limejaa kama ngoma, midomo namlowanishia kwa pamba. Bintiye akaja na uji wa mchele, na mchele wenyewe kaupangia foleni. Akasema tunamuua mama yake kwa njaa. Atatafuta gari amrejeshe kwao. Na kidonda bado kibichi.

Hapo nikakukumbuka wewe. Ulivyouficha uvimbe wako chini ya kanga kwa haya, hata tulipojua, daktari hakuwa na la kufanya.

Nikavuta pazia, nikainama sikioni mwake, nikalisema neno lenyewe. Wazi.

Akanitazama. "Kumbe ni kujamba? Mwanangu, tangu jana nnajizuia. Ntajambaje mbele za watu?"

Nikamgeuza ubavu, nikamwambia ajiachie. Kisha nikaanza kukohoa kwa nguvu ili nimsitiri. Nilikohoa mpaka sista wa wodi akauliza kama nna kifua.

Jioni Bi. Mize akapewa maji, kidogo kidogo. Asubuhi yake akanywa uji, bintiye anamfuta kidevu, na mimi wananiita mjukuu.

Bibi, nadhani stara uliyonifunza ndiyo hii. Wewe tu hukupata wa kukukoholea. Nakuahidi wengine nitawakoholea, maadamu nipo.

Mungu akupe raha huko uliko. Babu akikuuliza mjukuu wake anafanya kazi gani, mwambie nauguza wagonjwa, basi. Hilo neno libaki baina yetu.

Mjukuu wako,
Zuwena