Shemeji, Chujio Nililiosha Mimi

Mpendwa shemeji Swaleh,

Najua ukiuona mwandiko huu utasema, "Huyu tena!" Soma tu. Nimelala bandari tano, darasa la sita nikalikimbia, lakini barua naiweza.

Wewe ndiye uliyeniingiza kwenye lile banda la ndege huku ughaibuni, upande wa Cedar Hill, tufufue injini ya ndege ya vita ya zamani. Unaikumbuka asubuhi ya kuiwasha mara ya kwanza? Tulianza kwa kuizungusha propela kwa mikono, wewe panga hili, mimi lile, tuhakikishe oili haikutuama ndani ya silinda. "Vuta, shemeji, usiichekee!" Ilipowaka ukataka ipewe moto, izunguke kwa nguvu zote. Mimi nikasema injini mpya ni bibi harusi, iende polepole. Ukanijibu, "Ukiibembeleza, ringi za pistoni hazikai sawa. Itakunywa oili maisha yake yote." Nikakutazama kwa jicho la pembeni. Huyu anataka kuiua.

Na zile simu zako za Houston! Kila chakula cha mchana uko nje, umetupa mgongo. Nilijibanza nyuma ya pikapu yako nikasikia, "Nitakuja, nitakuja tu." Nikapiga hesabu zangu za darasa la sita: ameshanunuliwa na watu wa huko, atuharibie injini.

Tulipoiwasha mara ya pili, chujio la oili likatoka na vipande vya chuma. Chuma kwenye oili maana yake injini inajila, na rubani hapandi. Nikamnong'oneza bosi kwamba ni mkono wako. Ukaniuliza taratibu, "Shemeji, chujio uliliosha na nini?"

"Unaniuliza mimi? Nimeosha meli Kilindini wewe hujajua kufunga kiatu!"

Ukafuta mikono yako. Bosi akachukua funguo zako za banda, ukaenda zako Houston. Injini tukaifungua yote, hatukuona kilicholika. Nikasema umejua kuficha.

Jumanne hii nilikuwa naosha chujio la injini nyingine. Bosi akaona mkononi mwangu ile waya ya kusugulia sufuria, niliyoitoa jikoni kwa mke wangu, dada yako, kama siku zote. Akapitisha sumaku kwenye chujio. Ikatoka imeota ndevu. "Beringi ya injini ikilika haikatiki nyuzi nyuzi. Hii ni waya yako," akasema.

Nimemweleza yote, hata kunong'ona kwangu. Funguo zako anazo, anakungoja. Na zile simu, dada yako ameniambia, zilikuwa za shangazi yenu mgonjwa. Nikaona haya hata kula.

Sasa nashuku jambo moja tu. Ulijua siku ile ile. Uliiona waya mkononi mwangu, ukanyamaza ili dada yako asikose wa kumlisha. Nijibu, shemeji. Angalau mara hii niwe nimeshuku kweli.

Jumamosi tunaiwasha tena ile injini yetu. Nimewaambia panga lako la propela lisishikwe na mtu.

Nisamehe.

Shemeji yako, mwosha meli, siku hizi kwa brashi