Chungu, Neno Lako la Mwisho

Kitendawili, mdogo wangu! Najua huwezi kuniitikia, basi nitajitegea na kujiitikia mwenyewe. Wako watatu, jina lao moja. Mmoja hukaa motoni, wa pili hukaa ulimini, wa tatu haendi popote bila wenzake. Hiki ulinitega wewe tukiwa wasichana, na jibu lake ndilo lilikuwa neno lako la mwisho.

Mwaka umetimia tangu utuache, Mama Majani wetu. Jikoni kwako bado kunanuka majani makavu. Mafungu yako yangali yananing'inia kwenye kamba, mbali na dirisha, maana ulisema jua hula dawa kabla ya mgonjwa.

Ulitufundisha kwa maneno machache. "Jani lifunike, mzizi uchemshe." Jani ulilimwagia maji ya moto ukalifunika kwa sahani, mvuke usitoroke. Mizizi na magome uliviacha motoni mpaka maji yapungue nusu. Dawa za kupaka ulizitwanga kwenye kinu chake, na kinu hicho hakikuruhusiwa kusogea karibu na kile cha dawa za kunywa. Binti yako, fundi cherehani, alikuwa akikutania: "Mama, hata vinu umevitenga kama wake wenza!"

"Wake wenza hugombana wakapatana, mwanangu. Hivi vikikutana, anazikwa mtu."

Tulicheka sana siku ile.

Na kila dawa ulionja wewe kwanza. Iwe ya mtoto, iwe ya jirani, kijiko cha kwanza kilikuwa chako. Mwishoni macho yalikuwa yamekuchoka. Ulipapasa, ukanusa, ukajua. Tukikuhimiza uende kwa daktari wa macho, unatujibu, "Pua haivai miwani."

Tulikukuta sakafuni jikoni, asubuhi kweupe, shavu lako kando ya kijiko kilichomwagika. Mezani palikuwa na kinu, chungu cha magome, chupa ya shubiri, na chupa ya asali na tangawizi uliyomtengenezea mjukuu wako, Kiherehere. Mumeo alikuinua kichwa. Ukasema, "Chungu... asinywe mtu." Basi, ukanyamaza.

Chungu gani? Binti yako alisema ni hicho chungu cha magome, tukakimwaga na kukivunja. Mimi nikasema ni dawa chungu, ile shubiri, nayo tukaimwaga. Tulibishana tukiwa bado na machozi usoni. Aliyekuwa na sikio karibu na mdomo wako ni mumeo, lakini kila nilipomuuliza, "Shemeji, alisema chungu gani?" aliinamia saa zake anazotengeneza. "Sijui, shemeji. Niache."

Ile asali hakuna aliyeishuku. Kitu kitamu, tena kazi yako ya mwisho! Tuliifungia kabatini iwe ukumbusho.

Juzi Kiherehere alikohoa mpaka sauti ikakauka. Binti yako akafungua kabati. "Mama alimtengenezea yeye. Ngoja apate cha bibi yake." Akamimina kijiko, tone likadondoka mezani. Mtoto kuona kijiko, huyo, chini ya kitanda!

"Toka huko!"

"Sitoki!"

Tukambembeleza weee, mpaka magoti yangu yakauma. Hatoki.

"Tamu hii, bibi yako ndiye aliyeipika."

"Kama tamu, kunywa wewe!"

Binti yako akacheka. "Haya, tazama. Naonja mimi kwanza, kama bibi." Akainua kijiko.

"Weka chini!"

Ilikuwa sauti ya mumeo, kutoka jikoni. Mtu ambaye hajapaza sauti tangu tukuzike. Kijiko kilianguka chenyewe. Tulimkuta ameinama juu ya meza, ile lenzi yake ya kutazamia saa imebanwa jichoni. Alikuwa akilitazama lile tone.

Ndipo nikakumbuka kinu kilichokuwa mezani asubuhi ile. Kilikuwa kile cha dawa za kupaka, na kilinuka tangawizi. Tangawizi ndiyo iliyoidanganya pua yako. Ukaonja kwanza, kama kawaida yako, na kwa pumzi iliyobaki ukatukataza.

Tunaokukumbuka ni mimi dada yako, ambaye sina tena wa kunitegulia. Binti yako, ambaye hata chai anaichungulia mara mbili kabla ya kunywa. Kiherehere, aliyepelekwa zahanati na sasa anapata nafuu na kelele zimerudi. Na majirani wote uliowaonjea. Hakuna siku tutakayokusahau, kipenzi chetu, maana umetulinda ukiwa kaburini.

Na yuko mumeo. Siku hiyo nilimshika bega nikamuuliza tena, polepole, "Shemeji, alisema chungu gani?"

Akavua lenzi, akaniwekea kiganjani. Nikainama. Kandokando ya tone sisimizi walikuwa wamelala kwa mstari, wadogo, weusi, miguu juu, hakuna aliyefika mbali.

Akasema, "Hawa."