Mtandao Unaishia kwenye Tangi

Jumatatu, 3 Machi

Kwa mwanangu, fundi mkuu wa mitandao,

Hujambo? Mkeo hajambo? Mimi mzima, ila magoti. Nakuandikia kwenye karatasi na nitaibana kwenye kamba ya nguo, maana ujumbe wa simu kutoka chumba changu cha uani hauendi popote. Unafunga mtandao kwenye mabenki na mahoteli, watu wanakuita injinia, na mama yako hapo nyuma anaishi kama aliyetumbukia kisimani. Wanasema kinyozi hajinyoi. Wewe hata wembe sijauona.

Mama yako mkubwa amerudishwa nyumbani na madaktari, na unajua maana yake. Unajua pia kwamba hasikii tangu utotoni, kusoma hakufundishwa, na lugha ya mikono tuliyoitunga sisi wawili tukiwa wasichana hakuna mwingine anayeijua. Hata bintiye anaokoteza tu. Bila picha ya video kwenye simu, mimi sina dada. Fanya kazi yako.

Mama yako mzazi

Jumatano, 5 Machi

Shikamoo mama,

Natumai umeamka salama. Sisi hatujambo. Nimekufungia kiongeza mawimbi ukutani, karibu na kitanda. Taa ikiwa ya kijani, basi kinafanya kazi. Tafadhali usikifunike kwa kitambaa cha kufuma kama ulivyoifunika redio, na usikichomoe ili uchomeke pasi.

Halafu mama, sebule iko wazi. Mtandao pale unakimbia. Ingia tu, ukae, uongee na mama mkubwa hata kutwa. Kiburi si maungwana.

Mwanao

Jumapili, 9 Machi

Kwako injinia,

Sijambo, kama bado unauliza. Taa ni ya kijani. Mtandao hakuna. Kisanduku chako ni mlinzi aliyevaa sare akalala. Dada anatokea nusu uso, halafu mikono inaganda hewani. Wewe ukikatikiwa unasema "haloo, haloo". Sisi mkono ukiganda, neno limekufa, na yeye hana nguvu za kulirudia.

Kuhusu sebule, ulikuwepo siku mkeo alipotandika plastiki kwenye kochi kabla sijakaa. Ulikuwepo, ukatazama dirishani. Niliapa sitakanyaga tena humo, na mimi siapi kwa mzaha. Leta waya. Chimba.

Mama

Alhamisi, 13 Machi

Shikamoo mama,

Pole na magoti. Nimepima. Kuta za chumba chako ni za mabati, na mabati yanazuia mawimbi. Dawa ni waya wa ardhini, kweli. Lakini kuchimba ni kung'oa vibao vya saruji tulivyotandaza mwezi uliopita, na mke wangu hataki kusikia. Kuupitisha waya juu pia hataki, anasema uwanja utafanana na gereji.

Ila nimegundua mtandao unafika mpaka kwenye tangi la maji. Nimekuwekea stuli pale. Ni nzuri, ina mgongo.

Mwanao

Jumatatu, 17 Machi

Kwa mwenye vibao,

Nimekalia stuli yako. Jua lilikuwa utosini na kioo cha simu sikukiona mpaka nilipojifunika kanga kichwani. Dada ameona tangi, ameona ndoo, ameona mkeo akipita bila salamu. Akaniuliza kwa mikono: "Wamekufukuza?" Nikamwambia hapana, napunga upepo. Sijawahi kumdanganya dada yangu katika maisha yangu, na leo nimemdanganya ili kukusitiri wewe.

Sasa sikia. Stuli nimeirudisha barazani kwako. Usigonge tena mlango wangu mpaka uwe na sururu mkononi. Maelezo yako nimeshiba.

Mama

Ijumaa, 21 Machi

Mama,

Shikamoo. Najua hujalala. Tangu nilipokuletea habari asubuhi hujafungua mlango, kwa hiyo naandika.

Jana alasiri binti wa mama mkubwa alipiga kwenye simu yangu, kwa kuwa yako haikupatikana. Mama mkubwa alikuwa ameomba akuone. Nilikimbia na simu. Nilipopita tangi picha ikaganda, nikairudisha simu sebuleni na kuja mbio kukugongea. Ukauliza, "Umekuja na sururu?" Nikasema mama mkubwa yupo hewani, njoo sebuleni sasa hivi. Ukasema, "Huo ni uongo wako mwingine wa sebule." Niligonga sana, mama. Ningeuvunja ule mlango. Sikuuvunja, kwa sababu na mimi nilikuwa nimekasirika.

Nikarudi nikakaa naye mimi. Aligusa paji la uso kwa kidole gumba, akapindua kiganja, halafu akazungusha vidole viwili polepole mbele ya kioo. Akarudia. Akarudia tena, mpaka mikono ikaanguka juu ya shuka. Bintiye hakuelewa, na mimi sikuelewa. Nilibaki nikitikisa kichwa kama mjinga. Alfajiri ya leo akafariki.

Mama, alisema nini?

Nimeanza kung'oa vibao. Mke wangu hajanizuia.

Mwanao

Jumamosi, 22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimekula kidogo. Acha kuchimba, sina wa kumpigia.

Kidole gumba kwenye paji la uso ni "mpumbavu". Usishtuke, hakukutukana wewe. Kiganja kupinduliwa ni "dada". Vidole viwili vikizunguka ni "umejificha wapi".

Tulipokuwa wadogo tulicheza kujificha. Yeye hakuweza kusikia hatua zangu wala kicheko changu, kwa hiyo akishindwa kuniona alisimama katikati ya uwanja na kusema hivyo kwa mikono, bila kujua niko upande gani, akirudia na kurudia. Wenzetu walimcheka. Mimi nilikuwa nachungulia kutoka nilipo, na nikiona mikono yake imeanza kuchoka, natoka.

Kila mara nilitoka.

Mama yako