Gamba Kwenye Ufa

Jumatatu, 9 Juni

Salama, daftari langu? Mimi mzima, ila kiuno. Nakanda unga tangu alfajiri. Wachimbaji wamemaliza chai na maandazi yote.

Kuku wangu mwekundu kabaki shingo tupu. Mama Doto, jirani, kacheka: "Mama Kulwa, kuku wako kajivua gamba!" Nikacheka naye. Baba asingecheka. Kwake kila mnyama na neno lake. Kuku ananyonyoka, neno la mikono na maji ya moto hilo, kama vile kaonewa. Mbuzi anapukutika, neno tumeliazima kwa majani. Nyoka ndiye anayejivua, kama mtu na shati lake. "Na shati huvuliwa mahali," alikuwa akisema. "Uliza wapi."

Baba alikuwa Bayeye, wale wacheza nyoka, kule Samuye, kabla ya ubatizo. Hapa Bulyanhulu hakuna anayejua. Naongoza akina mama kanisani. Nimenyamaza miaka yote.

Jumatano, 11 Juni

Masanja, mdogo wangu, kaja kula mchana na gamba la nyoka shingoni kama skafu. Wamelikuta ndani ya duara, shimo lao la dhahabu. Mganga kawaambia nyoka ndiye mwenye mali, kahama, kaacha nguo, wachimbe tu. Furaha kama harusi.

Nimelishika. Bado bichi. "Lilikuwa wapi?"

"Kwenye ufa, ukutani."

"Juzi ufa ulikuwepo?"

"Dada, wewe kula Biblia, mimi nile dhahabu."

Wote wakacheka. Nimeosha sahani kwa hasira.

Alhamisi, 12 Juni

Naogopa. Nyoka hajivui kwenye ukuta laini. Anatafuta pa kujibana, ajisugue. Kama juzi hapakuwa na ufa na sasa upo, mwamba umeachia. Nimemwambia Masanja. Kasema nina wivu. Leo wanasubiri mafuta ya pampu. Kesho wanashuka wote sita.

Mwenye duara ni Mzee Lukas, mzee wetu wa kanisa. Ataniuliza nimejuaje. Nimeomba mpaka magoti yanauma. Aibu haijatoka.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeenda duarani, nikamweleza Mzee Lukas habari ya ufa. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, Mama Kulwa." Kauliza hilohilo, nimejuaje. Nikasema, mbele ya watu wote: baba alikuwa Bayeye, na mimi nilimbebea kapu la nyoka hadi darasa la tano.

Mmoja kapiga mluzi. Mzee hakucheka. Kashuka na tochi, kachomeka mpini wa sururu kwenye ufa. Umezama wote. Kapanda, kafunga duara.

Masanja macho mekundu. "Umeninyonyoa mbele za watu, dada." Kapanda bodaboda, kaenda machimbo mengine. Hakuaga.

Jumapili, 15 Juni

Duara halijaanguka. Watu wananisema, nasikia. Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi kubwa. Ibada katikati, Mama Doto kaacha benchi lake, kaja kukaa nami. Kanipa kitabu cha nyimbo tushike wote.

Nimechoka, Bwana anajua.

Kuku shingoni vimeanza kuchomoza vinyoya, vigumu kama miiba.

Nimemtumia Masanja meseji: Mdogo wangu, hujambo? Sisi wazima. Huko uliko, tazama ukuta kabla hujashuka. Chakula chako nakuwekea. Nijibu mapema, hata neno moja.