Spika Zilikuwa Nzima

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, na kabla ya yote nijulishe mgongo unaendeleaje, na kama ile dawa ya kuchua imekufaa. Sisi huku tunapumua. Wifi yako hajambo, ila amenuna. Binti yetu anarefuka. Mimi kitambi changu kinaendelea vizuri kuliko mwenyewe.

Bila shaka umesikia kwamba tangu tumzike mama nimehamia stoo pamoja na zile spika mbili za marehemu baba. Wifi yako huwaambia wageni kwamba ana mume mmoja na masanduku mawili, na kati ya hao watatu hajui yupi mzito zaidi kumhamisha. Nilianza kuzifungua mama angali hai. Zilikuwa hoi: sponji inayozunguka karatasi ya spika ilikuwa imeoza, ukiigusa inabaki kidoleni kama masizi. Nilikwangua gundi ya zamani kwa wembe, nikabandika sponji mpya. Ya kwanza niliibandika upande, spika ikakohoa kama mzee mvuta tumbaku. Nikabandua, nikaanza upya. Wanasema haraka haraka haina baraka. Kazi yangu hata polepole haikuwa nayo.

Mwezi uliopita zikaimba, lakini sauti nzito tupu. Nyembamba hamna, waimbaji kana kwamba wamefunikwa blanketi. Nikasema zile spika ndogo za ndani, zinazotoa sauti nyembamba, zimekufa, nikabadilisha. Vilevile. Nikabadilisha mara tatu, nikimlaani bure yule muuzaji.

Wiki iliyopita nikamwita fundi redio wa mtaa wa nyuma. Akapima, akasema zote nzima, hata zile nilizozitupa kwenye boksi. Nikambishia. Basi akaunganisha kifaa chake kinachotoa mluzi, akaupandisha kidogo kidogo. Binti yetu akaziba masikio. Wifi yako akamwambia fundi azime, atamtoboa ubongo. Mimi nimesimama mbele ya spika, mikono nyuma, nangoja aanze. Fundi akaniangalia, akasema, mzee, kilichokufa hapa hakiuzwi dukani. Wote wakacheka. Nami nikacheka, dada, kisha nikaenda kujifungia chooni, nikakaa huko mpaka wakaanza kugonga.

Sasa nifike kwenye lililonishikisha kalamu. Siku mama alipoanguka nilikuambia kwamba nilikuwa nimetoka kununua gundi, na kwamba yule mwanamke tuliyemwajiri amtunze mama aliondoka bila kuaga. Ni uongo. Aliniomba ruhusa aende kliniki, nikamwambia nenda, mimi nipo. Na nilikuwepo. Nilikuwa stoo na wembe wangu, mlango wazi, spika hata sijaziunganisha, nyumba kimya. Mama alilala sakafuni saa mbili nzima, nyonga imevunjika, na kile kikengele chenye mlio mwembamba nilichomnunulia aniitie kikiwa mkononi mwake. Kule hospitali aliniambia alikipiga mpaka mkono ukachoka. Nikajipa moyo kwamba ni uzee, amechanganyikiwa, hakupiga. Wewe ulipomuuliza, alikujibu kwamba kiliangukia mbali, hakukifikia. Alinisitiri, dada, akiwa na wiki mbili tu za kuishi. Nami nikainama kimya ulipomfukuza yule mwanamke mbele ya majirani na kumwita muuaji.

Jana nilikwenda kwake. Hakunikaribisha ndani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, naye akanisikiliza huku akianua nguo. Akasema samahani yangu hana pa kuiweka. Tangu siku ile hakuna nyumba mtaani inayomwita kazini, na anachotaka ni kimoja tu, kwamba aliyemwita muuaji ajue. Basi umejua. Nakuomba umwandikie kwa mkono wako, awe na karatasi ya kuwaonyesha watu.

Mimi tafadhali usinipigie simu. Ukikasirika sauti yako hupanda, nami nitakosa nusu ya ninayostahili kusikia. Niandikie, wala usinipunguzie.

Wasalimie shemeji na watoto. Wifi yako na binti yetu wanakusalimu, nao bado hawajui lolote. Nimeona wewe uwe wa kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Mzee Masanduku